Tangi Likishushwa, Mwenye Haraka Akae Kando

Ndugu msomaji, gari lina viungo ambavyo kila mtu huvijua kwa kuwa huviona: magurudumu, usukani, taa na honi. Lina pia viungo vinavyofanya kazi gizani miaka nenda miaka rudi bila kutajwa na mtu, mpaka siku ile vinapogoma. Pampu ya mafuta ni kimojawapo. Abiria hajui ilipo, na madereva wengi hawajapata kuiona kwa macho yao. Lakini inaponyamaza, safari nzima hunyamaza nayo, na watu wazima wenye shughuli zao hubaki kando ya barabara wakitazamana.

Leo nakuomba tuzungumze juu ya pampu hiyo, na hasa juu ya kazi ya kuitoa, ambayo katika magari mengi humlazimu fundi kulishusha tangi zima la mafuta. Pengine utauliza habari za gereji zimeingiaje katika ukurasa wa familia. Zimeingia kwa mlango halali kabisa. Mafundi wetu wengi hufanya kazi chini ya miti na mbele ya nyumba za watu, jirani na majiko ya mama lishe na njia wanazopita watoto watokapo shuleni. Vijana wanaojifunza kushika spana ni watoto wetu. Na petroli ile ile inayotoka katika tangi ndiyo inayolala majumbani mwetu ndani ya chupa zilizokuwa za maji ya kunywa.

Hapo kale pampu haikuwapo katika magari mengi. Ford Model T, gari lililotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1908 hadi 1927 na kuuzwa kwa mamilioni, kwa miaka mingi lilikuwa na tangi chini ya kiti cha mbele, na petroli ilitiririka yenyewe kwenda katika injini kama maji yatokavyo mlimani. Mpango huo ulifaa mahali pa tambarare. Kwenye mlima mkali, pua ya gari ilipoinuka na tangi likiwa na mafuta kidogo, injini ilikuwa juu kuliko mafuta yake, nayo ikazimika. Ndiyo maana madereva wa zamani walizoea kuligeuza gari hilo na kupanda mlima kinyumenyume. Hebu fikiri, msomaji, safari ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, kona baada ya kona, korongo upande mmoja na jabali upande wa pili, nawe umeupa mlima kisogo!

Wahandisi wakaleta pampu. Kwa muda mrefu ilikuwa kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini na kuendeshwa na injini yenyewe. Mafundi wazee waliotengeneza Peugeot 404 na 504 wanakumbuka kwamba pampu hiyo ilifunguliwa kwa bolti chache, ikasafishwa, ikarudishwa mahali pake kabla chai haijapoa. Kisha, hasa tangu miaka ya 1980, zikaenea injini zinazopuliziwa petroli kwa shinikizo kubwa, na pampu ya namna ile haikutosha tena. Ikaja pampu ya umeme, nayo ikawekwa ndani ya tangi, imezama katika petroli.

Mtu akisikia habari za umeme ndani ya petroli hushtuka, lakini jambo lenyewe lina maelezo. Moto hauwaki bila hewa, na pampu iliyozama haina hewa ya kuwashia chochote. Hata juu ya mafuta, ndani ya tangi lililofungwa, mvuke wa petroli hujaa mno na hewa huwa chache mno kwa moto kuwaka. Zaidi ya hayo, petroli inayopita katikati ya pampu ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Dereva anayetembea siku zote huku taa ya mafuta ikimmulika usoni huinyima pampu yake kipozeo chake. Nako milimani hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mafuta machache hukimbilia upande mmoja wa tangi kila gari linapoinama, pampu ikavuta hewa badala ya petroli, ikapata joto, ikachakaa kabla ya siku zake. Tena uchafu na maji hukaa chini kabisa ya tangi, mahali ambapo dereva wa lita mbili mbili huchota kila siku.

Niliyaona hayo yote Lukozi. Mji huo mdogo wa soko uko katika milima ya Usambara, mbele ya msitu wa Magamba ukitokea Lushoto. Viazi vyake, kabichi, karoti na nyanya husafiri mpaka Tanga na Dar es Salaam, na pengine sahani yako ya Jumapili ya leo ina kitu kilichotoka huko. Nilikuwa nimekwenda kuandika habari za biashara hiyo. Asubuhi ya kurudi nilipanda gari dogo la abiria liendalo Lushoto, pamoja na mama mmoja mfanyabiashara ambaye matenga yake sita ya nyanya yalifungwa juu ya gari. Lori la kuzipeleka Kariakoo lilikuwa likimngoja Lushoto mpaka saa 10 alasiri. Kabla ya kuondoka dereva alinunua petroli kando ya njia, lita tatu, zikamiminwa kutoka katika chupa za plastiki.

Tulipoukabili mwinuko wa kwanza injini ilikohoa mara mbili, ikazimika. Vijana waliokuwa karibu walilirudisha gari mjini taratibu, mmoja akitembea nyuma na jiwe mkononi tayari kulitupia chini ya gurudumu. Magari mawili yaliyopita yalikuwa yamejaa hadi mlangoni. Ikawa hatuna budi kumngoja fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache. Hakukimbilia kushusha tangi. Alituomba sote tunyamaze, akamwambia dereva afungue swichi bila kuwasha injini. Pampu nzima hutoa mvumo mfupi, kama nyuki ndani ya kopo, kwa muda wa sekunde mbili hivi. Tulitega masikio. Kimya. Akatazama fyuzi, ikawa nzima. Akapima umeme kwa taa yake ndogo, akaona unafika mpaka kwenye tangi. Mwisho akaligonga tangi polepole kwa kipande cha mti, na hapo pampu ikavuma kidogo, ikakata tena.

“Imelia!” dereva akasema kwa furaha. “Fundi, tuigonge hivyo hivyo mpaka Lushoto.”

“Na ikizimika katika kona za Magamba, lori likiwa nyuma yako?” fundi akauliza.

Dereva hakujibu. Mwendesha bodaboda akatumwa Lushoto kuleta pampu mpya, na kazi ya kushusha tangi ikaanza. Hatua ishirini hivi kutoka hapo, upande wa chini, mama lishe alikuwa ameinjika maharage juu ya jiko la mkaa. Fundi alikwenda kwake, akamwamkia, akamwomba auzime moto au aridhie gari lisukumwe mbali zaidi. Mama lishe akasema maharage yake yamekaribia kuiva na wateja wa mchana wako njiani. Basi fundi akaamuru gari lisukumwe hadi uwanja wa wazi ng'ambo ya pili, kazi iliyotugharimu karibu nusu saa ya jasho.

Hapo mama mwenye nyanya alishindwa kuvumilia. “Fundi, jiko lile lilikuwa mbali, na huku kwetu ni baridi. Lori langu linaondoka saa 10. Nyanya zangu haziwezi kusubiri.”

“Mama,” fundi akamjibu bila ukali, “nyanya hupandwa tena. Mtoto wa mtu hapandwi.” Akamwelekeza kwa kidevu kijana wake wa kazi, mwanagenzi wa miaka kama 17, aliyekuwa amekwisha lala mgongoni chini ya gari.

Msomaji, yule mama hakuwa mkaidi. Alisema ambalo wengi wetu tungelisema. Tunadhani baridi huituliza petroli. Ukweli ni kwamba petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, baridi ambayo Lukozi haitaijua kamwe. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi. Hauruki juu ukapotea. Hutambaa chini kama ukungu wa asubuhi, ukafuata mitaro na miteremko, ukaenda mbali kuutafuta moto, kisha moto ukarudi nao mbio mpaka tangini. Na tangi linaloogopesha zaidi ni lile lililomiminwa mafuta likafunguliwa, kwa kuwa sasa hewa imeingia na kuchanganyika na mvuke uliobaki. Watu huliita tangi tupu, kumbe limejaa kitu kisichoonekana.

Fundi aliondoa kwanza waya wa betri, ili pasitokee cheche. Akaweka karai la mchanga karibu. Kijana akachukua mpira, akautumbukiza katika mdomo wa tangi, akauinua kinywani ili avute, kama alivyoona wengine wakifanya. Fundi akamshika mkono. “Ukivuta kwa kinywa, leo ndiyo siku yako ya mwisho kufanya kazi na mimi,” alimwambia. Kisha akatueleza, huku akichomeka pampu ndogo ya mkono, kwamba yeye alipokuwa mwanagenzi alivuta petroli ikampalia, akalala hospitali siku tisa akihema kama mtu aliyebeba gunia. Aliyemfundisha alikuwa na haraka. Mteja wake alikuwa na haraka zaidi.

Petroli iliyotoka ilimiminwa katika chupa ya kioo. Tulipoiacha itulie, maji yalijitenga chini, na chini ya maji palikuwa na tope jekundu. Baada ya hapo waliondoa waya na mipira, wakaweka ubao juu ya jeki, wakaliegemeza tangi juu yake, ndipo wakalegeza mikanda miwili ya chuma inayolishika. Likashuka kidogo kidogo. Kabla ya kulifungua, fundi alifuta vumbi lote lililokuwa juu yake, maana chembe ya mchanga ikiangukia ndani itaiua pampu mpya kama ilivyoiua ya zamani. Pampu ikatolewa kwa kuinamishwa, ili mkono wa geji usipinde. Chujio lake lilikuwa jeusi mithili ya kitambaa cha kuchujia kahawa.

Pampu mpya ilifika saa 8. Fundi aliifunga pamoja na chujio jipya na raba mpya ya kuzibia, akakataa kutumia kipande cha mpira wa kawaida alichopewa na dereva, kwa sababu mpira usiotengenezwa kuzama katika petroli hulainika na kupasuka. Tangi likasuuzwa, likapandishwa, mikanda ikakazwa. Swichi ilipofunguliwa tukausikia ule mvumo wa nyuki. Hakuridhika. Akalala chini tena, akapapasa kila kiungo kutafuta unyevu, ndipo akaruhusu injini iwashwe. Saa 10 ilikuwa imekwisha pita.

Tulipofika Lushoto lori halikuwapo. Mama yule aliziuza nyanya zake papo hapo, kwa bei ambayo haikurudisha hata gharama ya matenga. Hakumshukuru fundi, wala sikuona sababu ya kumlaumu kwa hilo. Uangalifu wa fundi uliokoa maisha ambayo hayakupotea, na jambo ambalo halikutokea halina wa kulishangilia. Hasara ya nyanya ilionekana na kuhesabika.

Nililolitafakari njiani ni hili: deni lile halikuwa lake, naye ndiye aliyelilipa. Dereva aliniambia kwamba kila jioni hana budi kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku, gari liwe limejaza abiria au halikujaza. Ndiyo maana hutia mafuta ya safari moja, akingoja nauli za safari hiyo zimpe mafuta ya safari nyingine. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na vituo vinapaswa kuziheshimu. Mafuta ya chupa hayana mizani hiyo. Mwaka 2010 mamlaka hiyo ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili yanayochakachuliwa yagundulike, lakini nani atakayeipima chupa iliyoning'inizwa kwenye mti? Hivyo mwenye gari hujiona amepata faida ya kila siku, dereva hujiona ameokoa shilingi, na mwisho wa mnyororo huo kuna nyanya zilizouzwa kwa hasara na kijana aliyelala chini ya tangi.

Kubana matumizi ya mafuta si aibu. Wakazi wa miji yetu waliokuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi magari ya binafsi yalivyozuiwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana, kwa kuwa nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuagizia mafuta. Watu walitembea kwa miguu, wakavumilia. Lakini kupunguza safari ni jambo moja, na kuendesha tangi kavu ni jambo jingine. Robo ya tangi inayobaki ndani wakati wote ni mali isiyopotea, kwani ndiyo inayoitunza pampu. Mwenye gari anayemdai dereva hesabu yake, amwachie na hiyo robo. Mafuta ya chupa yawe ya dharura, yasiwe desturi. Na fundi akisema kazi ni ya saa nne, asiletewe maneno ya saa mbili.

Kuhusu moto wenyewe, hatuhitaji kukumbushana kwa maneno mengi. Tarehe 10 Agosti 2019, hapo Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, wengine wakichota petroli kwa madumu, na moto ulipolipuka watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Petroli ile iliyomwagika barabarani na petroli ya karai la fundi ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yake ni wingi tu.

Sasa turudi nyumbani, ambako jambo hili linatuhusu sisi sote, wenye magari na wasio nayo. Petroli na mafuta ya taa visiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Huona chupa anayoijua, akainywa. Likitokea hilo, au kijana akimeza petroli kwa kuvuta mpira, usimtapishe. Ubaya mkubwa wa mafuta haya hutokea yanapoingia mapafuni, na kutapika huyapa nafasi ya pili ya kuingia huko na kuleta homa ya mapafu. Usimnyweshe maziwa, ingawa wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba maziwa ni dawa ya kila sumu, yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali haraka. Mpeleke hata kama anacheka na kusema hajambo, kwa kuwa kubanwa na pumzi kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Chukua na ile chupa, ili mganga ajue ni kitu gani.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Ukiwa na kijana anayejifunza ufundi, muulize leo jinsi anavyofundishwa kutoa mafuta katika tangi. Akikuambia ni kwa kinywa, mfuate huyo anayemfundisha, mkazungumze kwa heshima. Pampu ya mkono ya kuvutia mafuta ni kifaa kidogo, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, nayo gharama yake haifikii hata siku moja ya kitanda cha hospitali.

Leo ni Jumapili, ndugu msomaji, na huenda watoto wako nyumbani. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, inuka utazame nyuma ya mlango, chini ya kitanda na kwenye kona ya stoo. Ukiikuta chupa ya maji yenye kitu kisicho maji, itoe kabla hujaketi tena.